Jina la Orlena Kwenye Orodha ya Laskey

Naapa, na mkono wangu wa kulia uko juu: kisa hiki ni kweli kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sikukiota, sikukitia chumvi, wala sikukisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Mengine niliyaona kwa macho yangu haya mawili, moja lenye mtoto wa jicho. Mengine aliniambia Hobart Stidham mwenyewe, na Hobart ni mtu wa pumzi chache tangu mgodi wa makaa ulipomla mapafu. Hawezi kuzipoteza kwa uongo.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya tisa tangu simu ya mtoto wao iliponyamaza. Orlena, mkewe Hobart, alikaa jikoni na simu yake yenye kioo kilichopasuka, kahawa ikipoa pembeni, akisubiri orodha ya jela ya Kaunti ya Tarver ibadilike. Hubadilika saa kumi na mbili asubuhi, askari wa zamu ya usiku wanapowakabidhi wenzao funguo. Kila aliyeingizwa tangu jana huwekwa pale na picha yake, umri wake, kosa lake na dhamana yake, dunia nzima ione. Orlena alizipitisha picha kwa kidole gumba. Fundi wa matairi, mara ya nne mwaka huu. Mtoto wa mchungaji. Mwalimu aliyemfundisha hesabu darasa la tano, amekutwa anaendesha gari kalewa. Siku nyingine angesema maskini mwalimu. Siku hiyo hakusimama hata kwa mwalimu.

"Yupo?" Hobart aliuliza kutoka kwenye kochi. Mrija wa oksijeni ulimzunguka masikioni kama miwani iliyoteleza.

"Hayupo."

"Angalia tena kwenye S."

"Hobart, S ni watu watatu. Nimewatazama mpaka wamekuwa jamaa zangu."

"Huenda wamekosea picha."

"Wote watatu wana ndevu, baba."

Hobart akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamchukua dakika nzima.

Huku kwetu kwenye mabonde ya Kentucky, mama mwenye mtoto aliyenaswa na unga haombi mwanawe asikamatwe. Aliomba hivyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu anaomba akamatwe upesi, kabla hajapata dozi ile ya mwisho. Jina likitokea kwenye orodha, mama anazima simu na kulala saa kumi na mbili mfululizo, kwa sababu mtu aliye jela ana kitanda, ana uji, na kuna askari anayepita kila nusu saa kuhakikisha anapumua. Jina lisipotokea, zimebaki sehemu mbili za kupiga simu: hospitali, na ofisi ya mchunguzi wa vifo.

Orlena alikuwa amezipigia zote mbili. Siku ya tatu alipiga hata jela ya Laskey, kaunti ya jirani, kwa kuwa jela yetu ya Tarver paa la upande wa wanawake linavuja na wanawake wengi hupelekwa huko. Karani akasikika akibofya, kisha akasema, "Delphia Stidham? Hatuna mtu wa jina hilo, mama." Orlena akashukuru, akakata. Siku ya tano akapiga tena. Hawana.

Delphia alikuwa binti yao wa pekee, miaka ishirini na tisa. Mwezi wa tatu jaji wa Tarver alimwambia mbele ya watu: ukikosa kufika mahakamani mara nyingine, hakuna dhamana, utakaa ndani miezi mitatu kisha utapelekwa nyumba ya matibabu miezi sita. Akakosa. Tangu hapo hati ya kumkamata ilikuwa mezani ikimngoja, na mama yake akiingoja hati ifanye kazi yake.

"Nakwenda kazini," Orlena alisema, akavaa viatu vyake vyeupe vya jikoni.

"Ukiwa kazini utaangalia tena?"

"Saa nne. Na saa saba."

"Vizuri," alisema Hobart, kama mtu aliyekumbushwa dawa.

*

Orlena alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Tarver kwa miaka kumi na sita. Watoto walimjua kwa kijiko chake: asiyekuwa na kitu nyumbani alijazwa maharage mara mbili bila kuulizwa. Asubuhi hiyo alipoingia, wenzake wawili waliokuwa wakimenya viazi walinyamaza. Mmoja akasema, "Aa, Lena," kwa sauti ya mtu anayemsalimia mgonjwa. Mwingine akauvuta mkoba wake uliokuwa juu ya meza, akauweka chini ya kiti.

Orlena aliuona ule mkoba ukihama. Hakuelewa. Alidhani labda mambo ya Delphia yamefika hapa, na mambo ya Delphia hayakuwa mageni. Akafunga aproni, akafungua makopo ya maharage.

Saa tatu mkuu wa jiko, Bi. Charlene Pruitt, alimwita stoo ya unga. Charlene na Orlena waliimba pamoja kwaya ya kanisa miaka ishirini, sauti ya pili wote wawili. Charlene alifunga mlango, akasimama katikati ya magunia, mkononi ana karatasi ameikunja mara nne.

"Umetoka lini?" akauliza.

"Nimetoka wapi?"

"Lena, usinifanye mjinga. Mimi nakupenda. Nimekuombea tangu jana."

"Charlene, nimetoka nyumbani. Nimekuja na pikapu yangu. Ulitaka nitoke wapi?"

Charlene akaikunjua karatasi. Ilikuwa imechapwa kutoka orodha ya jela ya Laskey. Ofisi ya shule hupitisha majina ya wafanyakazi wote kwenye orodha za kaunti za jirani kila mwezi, ndiyo kanuni. Kati ya majina mengi moja lilipigwa mstari wa njano. STIDHAM, ORLENA MAE. Miaka 47. Wizi wa dukani. Kukutwa na chombo cha kuvutia dawa za kulevya. Dhamana dola mia mbili na hamsini. Mahali pa picha palikuwa na kivuli cha kijivu, kichwa kisicho na uso, na maneno: picha haijapatikana.

Orlena alisoma jina lake. Akasoma tarehe yake ya kuzaliwa, siku, mwezi, mwaka, hakuna kilichokosewa. Akatazama tarehe ya kuingizwa jela: siku tisa zilizopita, saa kumi alasiri.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika gunia la unga asianguke.

"Lena?"

"Yu hai," Orlena akasema. "Charlene, yu hai!"

"Nani yu hai?"

"Mwanangu! Ndiye huyu. Amewapa jina langu."

Charlene aliitazama tena karatasi. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na karatasi mkononi. "Inaweza kuwa," akasema. "Lakini karatasi inasema wewe."

"Karatasi inasema niko ndani, hata dhamana sijalipiwa. Mimi niko hapa nawe, nanuka maharage."

"Nakuona, mama."

"Sasa mtu anaweza kuwa Laskey na Tarver kwa wakati mmoja?"

"Mimi siwezi kubishana na kompyuta, mwenzangu. Mwalimu mkuu amesema asiyekuwa na rekodi safi asiguse chakula cha watoto. Niletee barua kutoka Laskey kwamba huyo si wewe. Una hadi Ijumaa." Akanyoosha mkono. "Na aproni."

"Aproni ni yangu. Niliishona mwenyewe."

"Basi ivue tu, nikuone umeivua. Nimeambiwa nione."

Orlena akaivua. Alipopita jikoni na aproni imekunjwa kwapani, aliyehamisha mkoba akasema, "Mungu akusaidie, Lena," na Orlena akajibu, "Ameshanisaidia leo," yule mwanamke akabaki na kiazi mkononi.

*

Hobart alipoambiwa alifumba macho, na midomo yake ikasogea pasipo sauti. Kisha akauliza jambo ambalo Orlena mwenyewe alikuwa amejiuliza njiani.

"Wale askari wamekubali vipi? Jina mtu anaweza kulisema. Tarehe je? Namba ya hifadhi ya jamii je?"

"Anazijua namba zangu tisa kuliko mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu Delphia ana miaka kumi, yeye ndiye aliyemjazia mama yake fomu zote: za msaada wa chakula, za kupunguziwa umeme, za mapafu ya Hobart. Orlena hakupenda kuvaa miwani mbele za watu, na karani akiwa na haraka herufi humrukaruka machoni. Msichana alikuwa akisimama dirishani kwenye ncha za vidole na kuyataja yote kwa sauti kama anakariri zaburi. Makarani walimpa peremende.

"Bado simwelewi," alisema Hobart. "Ana ishirini na tisa. Wewe arobaini na saba. Mtu akimtazama usoni..."

Akaishia hapo. Wote wawili walimwona mara ya mwisho mwezi wa saba, meno ya mbele mawili hayapo, mashavu yameingia ndani. Hakuna aliyetaka kuimalizia sentensi ile.

Orlena alipiga simu Laskey. Safari hii alijua jina la kuuliza. Nani hupiga simu jela kujiulizia mwenyewe? Karani akabofya, akasema ndiyo, Orlena Stidham yupo. Halafu, bila kuombwa, akaongeza, "Usihangaike na dhamana, kama huna. Jela imejaa. Kesho Alhamisi jaji anawaachia wote wenye makosa madogo na rekodi safi. Huyu rekodi yake safi kabisa, hana hata faini ya maegesho."

"Hana," Orlena akasema. "Ni mtu mwangalifu."

Alipokata simu Hobart alikuwa ameshasikia. Alijisukuma akakaa wima.

"Basi tumshukuru Mungu. Kesho saa nane uende ukamchukue. Aoge, ale, alale chumbani kwake. Huko shuleni utasema kulikuwa na makosa."

"Charlene anataka barua."

"Na barua ikiandikwa, ile hati ya Tarver inamshika. Ataongezewa na kosa la kudanganya jina. Miezi mitatu, Lena. Ndani."

"Halafu nyumba ya matibabu."

"Halafu nyumba ya matibabu, ambayo ameikimbia mara mbili."

"Hakukimbia akitokea jela. Alitoroka hapa nyumbani, kabla hatujampeleka. Kwenye dirisha lile."

Hobart akavuta pumzi, akaihesabu, akaitumia. "Wewe unataka kijiko chako cha shule. Sema tu."

Neno lilitoka, likakaa mezani kati yao. Hobart alitamani kulirudisha lakini hakuwa na pumzi ya kulikimbiza. Orlena alinyanyuka, akaenda bafuni, akasimama mlangoni. Ilikuwa hapo mwezi wa saba, kati ya beseni na ukuta. Delphia alikuwa amelala pale ana rangi ya maji ya nguo za bluu, na Orlena akampulizia puani dawa ya kuwaamsha waliozidisha, chupa ya kwanza, hamna, chupa ya pili, hamna, na chupa ya tatu hawakuwa nayo. Kisha mtoto akakohoa. Akafungua macho, akamtukana mama yake kwa kumharibia raha.

"Siku tisa hajagusa," Orlena alisema akiwa bado mlangoni. "Unajua mwili wa siku tisa? Akirudia kipimo chake cha zamani, haamki. Daktari alituambia wote wawili."

"Huenda asirudie."

"Huenda."

"Nenda basi ukamwangalie," Hobart akasema. "Umtazame kwanza. Halafu ufanye utakavyofanya. Mimi sitakuuliza."

*

Ni mwendo wa dakika hamsini hadi Laskey, barabara inajikunja mlimani kama utumbo. Ukumbi wa jela ulikuwa na viti sita vya plastiki na mashine ya soda. Nyuma ya kioo kinene alikaa karani, Bi. Nadine Fugate kwa kibandiko cha kifuani, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo. Alikuwa akila karanga moja moja.

"Nimekuja kumwona Orlena Stidham," alisema Orlena.

"Kitambulisho."

Orlena akasukuma leseni chini ya kioo. Bi. Fugate akavaa miwani. Akaitazama leseni, akaitazama kompyuta, akamtazama mgeni, akarudi kwenye leseni.

"Mama, huyu uliyekuja kumwona ni wewe."

"Naona."

"Sasa mtu hawezi kujitembelea."

"Na akitembelewa na ndugu wa jina moja? Sisi huko mabondeni majina hayatutoshi, tunagawana."

Bi. Fugate alitafuna karanga akifikiri. Ilikuwa saa nane mchana, na nyuma ya Orlena walisimama watu wanne. "Ndugu," akasema, akaandika. "Dakika kumi na tano. Skrini namba mbili. Usipige kioo chake, ni kibovu."

Siku hizi hata ukienda jela wenyewe humwoni mtu wako. Yeye yuko nyuma ya ukuta, hatua thelathini, nanyi mnatazamana kwenye skrini kama aliyeko Uchina. Orlena alikaa, akanyanyua mkono wa simu wenye waya wa chuma. Skrini ikapiga chenga, halafu Delphia akatokea, shati la rangi ya chungwa limemmeza hadi shingoni. Alikuwa msafi. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na mtu. Kwa mara ya kwanza tangu masika, macho yake yalikuwa yakitazama sehemu moja.

"Mama!" Akacheka, akaziba mdomo kwa sababu ya meno. "Umejuaje?"

"Wameninyang'anya aproni."

"Nani?"

"Usijali. Unakula?"

"Mkate na nyama baridi. Asubuhi uji. Uji wao ni gundi." Akasogea karibu na kamera. "Mama, nilizikumbuka zote tisa. Sikukosea hata moja. Yule askari aliniambia niseme polepole, anashindwa kuandika."

Alilisema kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shule. Orlena akasogea karibu na skrini.

"Na umri?" akauliza. "Walikuuliza?"

"Nikasema arobaini na saba."

"Wakasemaje?"

Delphia akaangalia chini. "Hawakusema kitu, Mama. Waliandika tu."

Pembeni mwa skrini saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma. Dakika tisa.

"Kesho wananiachia," Delphia akasema. "Usiwaambie kitu. Nakuomba. Siku tisa, Mama, nimezipitia zote. Nilitapika mpaka basi. Nimemaliza. Nikitoka nakuja nyumbani, nitamuogesha Baba, nitakupikia mkate wa mahindi."

"Nitakuja kukuchukua na pikapu."

"Hapana, usijisumbue. Mafuta ghali." Alilisema upesi mno. "Kuna msichana humu, naye anatoka kesho. Kaka yake anakuja na gari. Watanishusha."

"Kaka yake anakaa wapi?"

"Huko huko njiani."

"Njia gani?"

"Mama."

"Nakuuliza tu, Delphia. Njia gani?"

"Tutapita kwake kidogo. Kuchukua nguo zake."

Orlena aliutazama uso ule uliosafika. Macho ambayo dakika moja iliyopita yalitazama sehemu moja sasa yalikuwa yakitazama sehemu nyingi. Hakuhitaji kuuliza tena. Alikuwa amelisikia neno "kidogo" hilo miaka minne, kila mara kwa sauti hiyo hiyo, na kila mara alikuwa ameliamini nusu.

"Suka nywele zako hivyo hivyo," akasema. "Zimekupendeza."

"Umeniletea hela yoyote?"

"Sina, mwanangu."

"Basi kesho."

"Nakupenda, Delphia."

"Mbona unasema hivyo?" Delphia akasimama. "Mama. Mbona unasema hivyo? Mama, usi..."

Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Orlena alirudisha mkono wa simu kwenye ndoano.

Bi. Fugate alikuwa na mtu mwingine dirishani. Orlena akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, akaisukuma tena leseni chini ya kioo, akaiacha hapo.

"Huyo mliyenaye si Orlena. Orlena ni mimi. Yeye anaitwa Delphia Ruth Stidham, ana miaka ishirini na tisa, na kaunti ya Tarver ina hati yake."

Karani aliacha karanga. Kwa dakika hiyo moja hakuwa karani. Alikuwa mwanamke mwenye watoto.

"Unajua nikiliandika hili hatoki kesho?"

"Najua."

"Na ataongezewa kosa."

"Najua."

"Kaa kwanza pale. Nina kahawa. Fikiri kidogo."

"Nimefikiri miaka minne, dada yangu. Andika."

Bi. Fugate akaandika. Ilichukua muda. Mashine ya alama za vidole ilikuwa mbovu tangu Pasaka, ikabidi askari aende ndani kumuuliza mfungwa mwenyewe. Ukuta ulikuwa mnene, lakini haukutosha. Sauti ilikuja imepungua, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Mama! Umeniuza! Mama, umeniuza kwa maharage!"

Watu waliokuwa kwenye viti vya plastiki walitazama viatu vyao. Printa ikachapa barua: kwamba Orlena Mae Stidham hakukamatwa, hakushtakiwa, na jina lake limeondolewa. Bi. Fugate aliigonga muhuri, akaipitisha chini ya kioo pamoja na leseni. Orlena aliikunja ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikuweza kukunjika tena, akaitia ndani ya kiatu chake cheupe kwa sababu mikono yake haikutaka kuishika.

*

Sasa mwisho wake, kama nilivyowasimulia wazee wenzangu Jumamosi iliyopita kwenye meza ya dirishani pale kituo cha mafuta, ni mtamu. Niliwaambia hivi: Delphia alimaliza miezi yake mitatu, akaingia nyumba ya matibabu, akatoka huko mashavu yamejaa na meno mapya mawili, akashuka kwenye gari mbele ya nyumba na kumpigia mama yake magoti kwenye matope. Hobart akang'oa mrija puani, akatembea hatua kumi na mbili bila oksijeni kwenda kumkumbatia mwanawe. Mzee mwenzetu Rufus, ambaye hulia hata kwenye matangazo ya sabuni, akatoa leso. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia, nilivyokuwa nimeisema vizuri.

"Hatua kumi na mbili?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Orlena alikuwa amesimama kando ya birika la kahawa, kikombe cha karatasi mkononi, amevaa viatu vya jikoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Meza nzima ikatazama mikate yake.

"Wendell," akaniambia, "Hobart hajatembea hatua kumi na mbili tangu ulipozeeka."

"Lena, mama, ilikuwa tu kuipendezesha..."

"Na miezi mitatu haijaisha. Leo ni siku ya thelathini na moja. Nimeomba kumwona Jumamosi nne, Jumamosi nne amekataa kutoka. Barua zangu zinarudi hazijafunguliwa. Hajanipigia magoti. Hajanipigia hata simu." Akanywa kahawa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alikuwa amechoka tu, kama mtu anayesahihisha anwani kwenye bahasha. "Anapumua. Bi. Fugate hunipigia kila Jumatatu kuniambia anapumua. Hapo ndipo kisa kilipofika. Ukikisimulia, kiishie hapo."

Rufus akakunja leso yake, akainua kidole. "Sheria ya meza," akasema. "Aliyekamatwa na uongo anailisha meza."

Nikatoa pochi. Nilishakamatwa mara nyingi, bei naijua: mikate saba na mchuzi mweupe.

"Hao wameshiba," alisema Orlena. "Waangalie matumbo. Unilipe mimi."

"Sema, mama. Kahawa? Mafuta ya pikapu?"

"Mwekee Delphia dola ishirini kwenye simu yake ya jela. Zangu anazirudisha. Akiona zimetoka kwa mtu mwingine, labda atazipokea. Labda siku moja atakosa mtu wa kumpigia, anipigie mimi."

Akachukua kikombe chake, akalipa kaunta, akaenda kazini kuwahi maharage, kwani Jumamosi ile shule ilikuwa na chakula cha hisani.

Sikuwahi kulipa kitu kwenye tovuti ile ya orodha za jela. Nimeisoma kila asubuhi kwa miaka sita, mimi na wazee hawa, tukicheka picha za watu kabla kahawa haijapoa, na sikujua kwamba chini kabisa ya ukurasa kuna kitufe cha kumtumia mtu pesa. Rufus alinishikia miwani. Nikaandika jina polepole, herufi moja moja, nikihofia kukosea: Stidham, Delphia Ruth. Ishirini na tisa. Safari hii picha ilikuwepo. Tovuti ikadai ada yake ya dola tatu na senti, nikaikubali. Kisha ikauliza, kwenye kisanduku kidogo, mtumaji ana uhusiano gani na mfungwa, na kidole changu kikakaa hewani, meza nzima ikinisubiri, kwa maana kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na uongo wa kuandika hapo.